Alama za Jibondo

Pikipiki ya mbele ilikuwa inapotea.

Safia Matano alipangusa mchanga machoni kwa kiwiko, akavuta mafuta hadi mwisho. Boxer iliruka mzizi wa mnazi, ikatua vibaya, ikaendelea. Mbele yake, kwenye njia ya mchanga iendayo Ndagoni, Mudrik Shamte aliendesha kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Hilo lilimuudhi Safia. Watu anaowafukuza hugeuka. Ndiyo tabia ya mkosaji, na mara nyingi ndiyo inayomwangusha. Huyu alikuwa anatazama mbele tu, kwenye mnara wa rada uliochomoza juu ya minazi.

"Mkunga, toa sauti." Kheri, mkuu wake, alikuwa anamwita kwa jina lake la kazini, sikioni mwake, kutoka Dar es Salaam, ofisini, kwenye kiyoyozi.

"Niko nyuma yake."

"Amri ni ile ile. Akifika majini, piga."

"Hajafika majini."

"Nimesema akifika."

Amri yenyewe iliingia kwenye simu asubuhi, maneno matatu tu: Embe limeoza Kilindoni. Kwa lugha ya Idara ya Usalama, maana yake mtu wetu anauza nchi. Chini yake palikuwa na picha ya Mudrik, fundi wa programu aliyeandika mfumo uitwao Mlinzi. Mlinzi husikiliza rada zote za Mfereji wa Mafia, hutambua kila chombo kinachopita, kisha huwaambia watu wa doria kipi wakifukuze na kipi wakiache. Kwa miezi kadhaa madawa ya kulevya yalikuwa yanapita mferejini mchana kweupe, na Mlinzi alikuwa anawaambia doria: hicho kiacheni, ni chombo cha utafiti.

Kheri alimchagua Safia kwa sababu ni mzaliwa wa kisiwa cha Jibondo, kama Mudrik. Faili la Safia linasema: baba marehemu, mama marehemu, ndugu hana. Faili halikujua kwamba mama yake Safia alipougua baada ya kujifungua, Bimkubwa, mama yake Mudrik, alimchukua yule mtoto akamnyonyesha pamoja na wake, mmoja huku, mmoja huku. Kwa dini na kwa desturi hao ni ndugu, hata kuoana hawawezi. Idara ina fomu za kila namna lakini haijawahi kumuuliza mtu kanyonya wapi, na Safia hakuona sababu ya kuwaambia.

Alichomoa bastola yake ya Glock.

Risasi moja. Tairi la nyuma la Mudrik lilipasuka, pikipiki ikayumba, ikamtupa kwenye majani ya mnazi. Safia alimfikia kabla hajasimama. Alimkanyaga mgongo, akamkunja mkono wa kulia nyuma kama alivyofundishwa, na kodi zetu ndizo zilizomfundisha. Mfupa wa kifundo cha mkono ulilia.

Mudrik hakupiga kelele. Aligeuza shingo, akamtazama.

"Safia," alisema. "Kumbe ni wewe."

"Usitikisike."

"Nakwenda mnarani. Reiss, yule mshauri wa rada, amenifungia mlango kule Kilindoni, nenosiri langu la mtandaoni halikubali. Mnarani kuna waya, naingia moja kwa moja. Niachie nusu saa tu."

"Utawaeleza Dar."

"Sikiliza. Lebo ya chombo haisomwi pale nilipoiandika. Inasomwa mashua ikifika. Msiangalie faili. Kaulizeni ikifika."

Safia amesikia mengi kutoka kwa wanaume waliolala kifudifudi. Wapo wanaotaja Mungu, wapo wanaotaja watoto. Huyu alikuwa wa kwanza kutaja lebo. Alimfunga pingu za plastiki juu ya kifundo kile kile kilichovunjika, akabonyeza redio.

"Embe liko mkononi."

"Safi sana," alisema Kheri.

*

Duka la Jafferali liko Kilindoni, mji wa kisiwa cha Mafia, karibu na soko. Mbele wanauza chaja, taa za sola, misumari na vioo vya simu. Nyuma kuna ghala, na ndani ya ghala, nyuma ya magunia ya mchele, kuna kompyuta ya Toughbook na simu ya setilaiti aina ya Thuraya. Mwenye duka ni Asad Jafferali, kijana mnene mwenye maneno mengi, ambaye babu yake alikuwa na duka hapo hapo na ambaye Idara humtumia kwa mambo ya mitambo. Mtaani wanajua anatengeneza simu. Hawakukosea.

Mudrik alifungiwa ghalani. Asad alimtazama mkono, akamtazama Safia, kisha akarudi mbele dukani.

Anton Reiss alifika akitabasamu. Alikuwa mshauri wa kampuni ya Halden Marine, wale waliotoa rada kwa msaada na ambao wana meli yao ya kuhesabu papa potwe. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wabunge kadhaa.

"Pole na kazi, dada Safia. Inauma, najua. Nilimpenda sana Mudrik." Alifungua kompyuta yake. "Tazama mwenyewe. Hii ndiyo sehemu inayoamua chombo ni cha aina gani. Nani ameiandika? Mudrik. Nani ameithibitisha? Ufunguo wa Mudrik. Hakuna mkono mwingine hapa."

Safia alisoma. Alisoma mara mbili, kwa sababu Idara ilimsomesha na hayo. Ilikuwa kweli. Kila mstari ulikuwa na jina la nduguye.

Simu ikaita. Kheri.

"Ndege inakuja jioni kumchukua. Anakwenda Nyumba ya Pili."

Safia ameshapeleka watu Nyumba ya Pili. Hajawahi kumwona aliyetoka.

"Nimekupata."

"Ana ufunguo wa pili, kile kidude cha YubiKey cha kuchomeka kwenye kompyuta. Utakuwa nyumbani kwao Jibondo. Kaulete kabla ya ndege."

Mlango wa ghala ulikuwa wa mabati. Nyuma yake Mudrik alikuwa anapumua kwa shida, na Safia alimsikia vizuri sana alipokuwa anatoka.

*

Kutoka Utende alichukua boti ya faiba yenye Yamaha nyuma, akaielekeza Jibondo. Kisiwa kile ni jiwe tupu. Wanachonga majahazi ambayo watu wa pwani nzima wanayataka, lakini kisima cha maji matamu hawana, na siku ambazo bomba halitoi, maji huletwa kwa mashua kama zamani. Siku hiyo bomba halikutoa.

Bimkubwa alikuwa pwani, amejitanda kanga, anasubiri maji pamoja na wanawake wengine. Alimwona Safia kabla boti haijagusa mchanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huko kwenu Dar hampiki?"

"Tunapika, mama."

"Mnapika nini?" Alimshika mashavu kwa mikono miwili yenye harufu ya mwani. "Nduguyo umemwona huko Kilindoni? Simu yake haipatikani toka asubuhi."

"Nimemwona."

"Hajambo?"

"Hajambo."

Safia amewadanganya mabalozi. Amemdanganya jenerali mmoja mezani, huku anakula kuku wake. Hakuna uongo uliowahi kumlemea kama huo. Bimkubwa alimtia maji kwenye kikombe, nusu ya yale yaliyobaki kwenye ndoo yake, akamsimamia mpaka akayamaliza.

"Mudrik ameniagiza kitu chumbani kwake," alisema Safia.

"Si kwenu? Ingia uchukue."

Aliingia. Alipekua kama mwizi nyumba aliyokulia. Ufunguo ulikuwa ndani ya kopo la chai, juu ya kabati, mahali ambapo Mudrik alikuwa anaficha peremende walipokuwa watoto. Aliutia mfukoni na kutoka haraka.

Mashua ya maji ilikuwa imefika. Nahodha Mbaraka alikuwa anashusha madumu mchangani bila kutazama nani anachukua lipi. Kila dumu lilikuwa na alama ya rangi: ukanda mwekundu, nyota, mistari miwili ya bluu. Wanawake walikuwa wanayabeba kwa alama.

Msichana mmoja alibeba dumu la mistari miwili ya bluu, akaenda zake.

"Mama," alisema Safia. "Ile si alama ya kwetu?"

"Ilikuwa yetu. Nimempa Mize, mkwe wa jirani, ana watoto wengi na alama hana. Mimi nimechukua nyota, ya marehemu dada yangu."

"Na nahodha anajua?"

"Ajue ya nini? Yeye kule ng'ambo kisimani anajaza tu. Alama haiulizwi kisimani. Inaulizwa hapa, maji yakishuka. Aliyesimama na alama leo ndiye mwenye maji."

Safia alisimama pale pale.

"Na mtu akija na alama isiyo yake?"

Bimkubwa alicheka, akawageukia wenzake ili nao wacheke. "Eti mtu akija na alama isiyo yake! Nani wa kufanya hivyo, mwanangu? Halafu tutaangaliana vipi?"

Wote walicheka. Safia hakucheka. Masikioni mwake Mudrik alikuwa bado amelala kifudifudi, anamwambia kaulizeni ikifika.

"Mwambie nduguyo aje Ijumaa," Bimkubwa alimwita Safia, aliyekuwa tayari anasukuma boti. "Nitapika."

"Nitamwambia."

*

Alizima injini katikati ya ghuba, akawasha Thuraya yake.

"Asad."

"Dada, duka limejaa. Kuna bibi hapa ananiambia chaja niliyomuuzia inampiga shoti."

"Mtoe. Funga duka."

Kelele za watu zilipungua, mlango ukafungwa. "Haya."

"Unaweza kumwona Mlinzi akiwa anafanya kazi?"

"Kumwona ndiyo. Kumgusa hapana. Wa kumgusa ni Mudrik na Reiss."

"Sitaki uguse. Nataka uulize. Pale panapopokea ujumbe wa rada, lebo ya aina inasemaje?"

"Inasema Chombo. Jina tu, ndani ya alama za kunukuu. Ni Python hii, dada, lugha ya kompyuta. Unaandika kila sehemu ya programu itapokea kitu cha aina gani. Watu wengi wanaona ni ukumbusho tu kwa msomaji, kama karatasi kwenye chupa ya siki."

"Na Mlinzi?"

"Mlinzi anazitumia kweli. Ujumbe ukifika, analichukua lile jina, anatafuta nani analo saa hiyo, kisha anamkabidhi huyo ujumbe. Huyo ndiye anayesema hii ni mashua ya samaki, hii ya utafiti, hii haijulikani."

"Saa hiyo, umesema. Si wakati lilipoandikwa."

Safia alisikia vidole vya Asad vikipiga vitufe kwa kasi.

"Nimeuliza," alisema. "Chombo ni kile cha Mudrik. Safi kabisa. Samahani, dada."

Safia alitazama maji. Alitamani sana kuwa ndiye aliyekosea asubuhi, si Mudrik.

"Meli ya Halden iko wapi sasa?"

"Inatoka Ras Mkumbi. Inakaribia kuingia mferejini."

"Ikiingia, uliza tena."

Alingoja. Boti iliyumba. Mbali, upande wa Juani, wavuvi walikuwa wanavuta nyavu na kutaniana, na alitamani wanyamaze.

"Imeingia," alisema Asad. Kisha, polepole, "Ya Rabbi."

"Sema."

"Jina ni lile lile. Chombo. Lakini aliyelishika sasa siye. Ni kitu kilichotoka kwenye kiambatisho cha Halden, programu ya nyongeza waliyosema ni ya kuhesabu papa. Kimesimama na jina la Mudrik. Kwa meli nyingine zote kinajibu sawasawa. Kwa meli yao kinasema utafiti."

"Na faili?"

"Halijaguswa. Ukilifungua utaona Mudrik mtupu. Na dada, naamini meli ikipita kinaondoka, kinamrudishia jina lake. Ndiyo maana hatukukiona. Sisi tulikuwa tunasoma karatasi."

Sisi. Asad ni mwungwana. Aliyesoma karatasi ni Safia.

Alimpigia Kheri. Alieleza kwa sentensi nne.

"Sawa," alisema Kheri.

"Ndege irudi, basi."

"Jina limeshapanda juu, Mkunga."

"Lishushwe."

"Halden wametupa rada. Wametupa boti za doria. Hata kiyoyozi hiki ni chao. Unataka nimpelekee Waziri karatasi inayosema nini?"

"Mudrik hana hatia."

"Sikusema ana hatia. Nimesema jina limeshapanda."

Safia alikata simu. Katika miaka yote ya kazi hajawahi kumkatia Kheri simu. Aliwasha Yamaha, akaibana mpaka pua ya boti ikainuka.

*

Mudrik alikuwa ameketi juu ya gunia, mkono umevimba. Safia alikata pingu kwa kisu.

"Asad ameniambia," alisema Mudrik. Alikuwa anamwambia ukuta.

"Doria haitaigusa meli mpaka Mlinzi aseme. Ikivuka Ras Kisimani imeshapotea, inakwenda kwenye visiwa vya Rufiji. Ufunguo wako huu hapa. Unaweza kuandika kwa mkono mmoja?"

"Kwa huu ulioniachia."

Chumba cha mitambo ya Mlinzi kiko bandarini, ghorofa ya juu, kioo kinatazama bahari. Walipanda ngazi watatu, Asad nyuma akihema. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Safia alipiga kitasa risasi, akaingia kwa bega.

Reiss alikuwa peke yake mbele ya skrini. Hakuonekana kushtuka. Alionekana kuchoka, kama mwalimu aliyeingiliwa darasani.

"Dada Safia. Mkuu wako anajua uko hapa?"

"Ondoka kwenye kiti."

"Ukigusa hapo kazi huna. Na huyu utamfuata huko anakokwenda."

"Ondoka kwenye kiti, Reiss."

Mkono wa Reiss ulishuka chini ya meza. Safia aliuona mdomo wa bastola kabla hajaufikiria. Alitupa kile kilichokuwa karibu, chupa nyekundu ya kuzimia moto, ikampiga Reiss begani. Risasi yake ilipasua kioo cha dirisha. Safia aliruka meza, akamkandamiza uso kwenye kibodi, akamnyang'anya ile bastola ya Walther, akamfunga kwenye bomba la kiyoyozi. Skrini ilijaa herufi zisizo na maana zilizoandikwa na pua ya mshauri.

"Futa hizo," Mudrik alimwambia Asad.

Asad alifuta. Mudrik alichomeka ufunguo, akaketi. Aliandika kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja. Mara mbili alikosea akarudi. Safia alisimama dirishani na darubini. Meli nyeupe ya Halden ilikuwa inashuka kusini bila haraka, papa mkubwa mweusi amechorwa ubavuni. Boti ya doria ilikuwa imetia nanga karibu kabisa na njia yake. Mabaharia walipunga mikono. Wale wa melini nao walipunga.

"Harakisha," alisema Safia.

Mudrik alimwambia Asad, "Namrudishia Chombo jina lake. Halafu naifunga lebo. Mlinzi ameshauliza mara moja, hatauliza tena, na hakuna atakayekuja katikati akasimama mahali pake."

"Kwa nini uliiacha wazi toka mwanzo?" aliuliza Asad.

"Ili wengine waongeze vyombo vyao baadaye. Ngalawa, mitumbwi, boti za watalii. Kwetu alama inaulizwa pwani." Kidole chake kilisimama hewani. "Sikufikiria kuna mtu anayeweza kusimama na alama isiyo yake. Ni ujinga, najua. Nimelelewa hivyo."

Alibonyeza.

Kwa muda mfupi hapakuwa na kitu. Kisha alama ya kijani mferejini ikawa nyekundu, na maandishi yakajipanga upya: HAIJULIKANI. KAGUA.

Redio ikakoroma. "Kituo, Kituo, hapa Doria. Mlinzi amebadilisha kauli juu ya meli ya Halden. Mnathibitisha?"

Safia alichukua kipaza sauti. Hakutafuta masafa ya siri. Alibonyeza chaneli ya kumi na sita, ile wanayosikiliza wote, kuanzia wavuvi hadi mhudumu wa hoteli.

"Doria, hapa Kituo. Nathibitisha. Simamisheni, pandeni, fungueni kila kitu. Mjibu kwenye chaneli hii hii."

Meli iligeuza pua kutaka kukimbia. Doria ilipiga risasi mbele yake, maji yakaruka. Meli ikasimama.

"Kituo, tumo ndani. Tumekuta unga. Mwingi. Umo chini ya vifaa vya kupimia papa."

Bandari nzima ilisikia. Chini, wapagazi waliweka mizigo yao chini wakaanza kupiga soga, na mama muuza vitumbua akapandisha sauti ya redio yake.

Reiss alisema kitu kwa lugha ya kwao. Hakuna aliyemuuliza maana yake.

*

Ndege ndogo ya Cessna ilitua kabla ya jua kuanza kuwa jekundu. Walishuka wanaume wawili wa suti, kwa joto lile, na miwani.

"Tumekuja kuchukua mtu mmoja."

"Huyu hapa," Safia alisema, akamsukuma Reiss mbele.

Walitazama picha kwenye simu yao. Wakamtazama Reiss. "Huyu siye."

"Mpigieni mkuu."

Walipiga, kisha wakampa yeye simu. Kheri hakuwa na haraka tena.

"Umeniweka pabaya, Mkunga."

"Imetangazwa chaneli ya kumi na sita. Mpaka sasa imeshafika Kilwa. Ukimchukua Mudrik leo, itabidi ueleze unamchukua wa nini."

Kiyoyozi cha Kheri kilisikika kikivuma.

"Mpakie mzungu," alisema. "Nitasema tulikuwa tunamfuatilia yeye toka mwanzo. Kijana wako tulimtumia kama chambo."

"Sema unavyotaka."

"Ndivyo tutakavyosema, na nawe utasema hivyo."

Ndege ilimmeza Reiss, ikazunguka, ikapaa.

Mudrik alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jengo la abiria. Asad alikuwa amemfunga mkono kwa kipande cha boksi la taa za sola na kitambaa. Safia alimsogelea. Alikuwa ametayarisha maneno tangu ghubani, na yote yalikuwa hayafai.

"Twende hospitali."

"Asad atanipeleka."

"Nilikuwa na amri, Mudrik. Amri ilikuwa kukupiga risasi. Sikukupiga."

"Ahsante."

Alilisema kama mtu anayepokea chenji. Safia alichuchumaa ili waonane macho.

"Nimekukosea."

"Ulinijua kabla hujajua kusoma," alisema Mudrik. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Safia. "Tumelala mkeka mmoja. Nilikuwa nakula ukoko wewe unakula wali. Leo nimekwambia kwa mdomo wangu nakwenda wapi na kufanya nini. Ukanivunja mkono. Kompyuta ya Asad ikakwambia maneno yale yale, ukaamini."

"Faili lilikuwa na jina lako kila mstari."

"Na mimi nilikuwa na nini?"

Safia aliwahi kuhojiwa siku tatu na watu wa nchi nyingine, akawa na majibu yote.

"Ulikwenda nyumbani leo," alisema Mudrik.

"Ndiyo."

"Mama alikupa maji."

"Alinipa."

"Ukanywa. Mimi nimefungwa ghalani, unakunywa maji yake."

"Ndiyo."

Mudrik alitikisa kichwa. Alisimama kwa shida, na Safia aliponyoosha mkono kumsaidia, alimpisha kwa upole tu, kama mtu anavyompisha mgeni njiani.

"Nitamwambia nimeanguka na pikipiki. Hatajua lolote, roho yake haitaweza. Ila usiende tena Jibondo ukamwita mama. Tafuta mwingine. Au usitafute."

Aliingia kwenye kirikuu cha Asad. Asad alimtazama Safia kupitia dirisha, akawasha gari.

Simu ya Safia ilitetemeka. Kheri tena, sauti imelainika, sauti ya mtu aliyekwisha pongezwa na wakubwa.

"Kazi nzuri. Kuna swali moja limebaki, la taarifa tu. Wenzangu wanauliza kwa nini ulimpigania vile, mpaka ukanikatia simu. Yule kijana ni nani kwako?"

Kirikuu kilikuwa kinatoka getini. Taa yake moja ya nyuma ilikuwa haiwaki.

"Si mtu wangu," alisema Safia.

"Hamna undugu wowote?"

"Hamna."

"Vizuri. Ndivyo nitakavyoandika. Kesho uko Mtwara, maelekezo yatakufuata."

"Nimekupata."

Alirudisha Glock kiunoni, akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akawasha pikipiki. Alipita sokoni taratibu, mgongo umenyooka, mkono mmoja kwenye usukani. Wauza samaki waliomwona akipita walisema yule dada anaonekana ana raha zake.